Barua ya wazi kwa waajiri wa sekta binafsi: tajeni mshahara kabla ya kumuuliza mwombaji

Kwa:
Wakurugenzi Watendaji na Wakuu wa Idara za Rasilimali Watu,
Kampuni na Mashirika Binafsi,
Tanzania Bara.

Nakala: Kamishna wa Kazi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Chama cha Waajiri Tanzania.

YAH: SWALI LA "UNATARAJIA MSHAHARA KIASI GANI?" NA NAMNA LINAVYOTUMIKA KATIKA USAILI

Waheshimiwa Wakurugenzi, ndugu Wakuu wa Rasilimali Watu,

Salaam.

Tunaowaandikia ni watu ambao kazi yetu ya kila siku ni kupanga ngazi za mishahara, kuchuja maombi na kuwaandaa waombaji kwa usaili. Haya tunayoyasema leo hadharani tumeyasema kwanza faraghani: kwenye vikao, kwa barua pepe, na kwenye fomu za mrejesho mnazowapa wasailiwa. Mara nyingi hatukujibiwa. Tulipojibiwa, jibu lilikuwa "huo ndio utaratibu wetu." Ni utaratibu huo tunaoulalamikia.

Hali ya soko mnaijua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Hapa nchini wahasibu wa miradi iliyotegemea fedha hizo, maafisa ufuatiliaji na tathmini, wauguzi washauri, watunza takwimu na madereva wakajikuta wanaomba kazi ileile wanayoiomba wahitimu wa vyuo. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi. Ndiyo maana swali ambalo zamani lilikuwa sehemu ya mazungumzo ya kawaida sasa limekuwa mzigo. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnauliza bei ya kitu ambacho bajeti yake mnayo ninyi

Kabla tangazo halijatoka, mkuu wa idara amekwisha kujaza fomu ya kuomba mtumishi, fedha wamepitisha kiwango, na mkurugenzi amesaini. Kiasi kinajulikana. Halafu mwombaji asiyejua ukubwa wa kitengo, wala idadi ya watu atakaowasimamia, wala kama kuna posho ya nyumba, anatakiwa ataje namba kwanza.

Wapo wanaotujibu kwamba hata Kariakoo muuzaji ndiye anayetaja bei. Ni kweli, lakini muuzaji wa Kariakoo anajua mzigo wake aliununua kwa kiasi gani, anasikia bei ya jirani yake, na mteja akiondoka anakuja mwingine. Mwombaji wa kazi katika soko la sasa hana hata kimoja kati ya hivyo. Akitaja juu, jina lake linakatwa bila yeye kujua sababu. Akitaja chini, anapewa hichohicho alichotaja hata kama bajeti ilikuwa kubwa zaidi, na ataishi na kosa hilo miaka yote, kwa sababu nyongeza za kila mwaka hupigwa kwa asilimia ya mshahara alioanza nao.

Serikali, yenye waombaji wengi kuliko ninyi nyote, haifanyi hivi. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huonyesha ngazi ya mshahara, TGS D kwa mfano, na mwombaji anaamua mwenyewe kama inamfaa kabla hajatuma chochote.

2. "Laki nane" moja ina maana tatu tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na kwa sehemu kubwa hakuna aliyekusudia kumdanganya mwenzake. Mwombaji akiulizwa anatarajia nini, hufikiria fedha ya mkononi, ile inayoingia kwenye akaunti. Afisa wa rasilimali watu anaandika mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Mkurugenzi wa fedha anafikiria gharama yote ya mtumishi. Wote watatu wametamka namba moja na kila mmoja ana lake kichwani.

Tuipige hesabu. Mwombaji anasema laki nane. Ninyi mnaandika 800,000 ghafi. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya sasa vya kodi ya mapato kwenye ajira, 270,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20. Kodi yake ni 20,000 kujumlisha 40,000, jumla 60,000. Mkononi anapata 660,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, anakatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani mshahara bila posho. Ikiwa mshahara wote ni wa msingi, hiyo ni 120,000, anabaki na 540,000. Alisema laki nane, mwisho wa mwezi anaona laki tano na elfu arobaini.

Tugeuze hesabu. Ili mtu asiye na deni la Bodi apate 800,000 mkononi, mshahara ghafi lazima uwe kama 1,004,500: NSSF inachukua 100,450, kodi inachukua kama 104,000. Mwenye deni la Bodi, apate 800,000 ileile, anahitaji ghafi ya kama 1,308,500, kwa sababu hapo kipande cha kipato chake kimevuka milioni moja na kinatozwa asilimia 30, na Bodi inachukua zaidi ya 196,000. Tofauti kati ya watu hawa wawili, waliotaja namba moja, ni zaidi ya laki tatu kwa mwezi.

Upande wenu nao una hesabu yake. Mshahara ghafi wa 1,500,000 unawagharimu NSSF ya mwajiri 150,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5, yaani 52,500, kama mna watumishi 10 au zaidi, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, yaani 7,500. Jumla 1,710,000. Kwa hiyo mkurugenzi wa fedha anapopitisha "milioni moja na nusu" akimaanisha gharama yote, mshahara ghafi uliobaki ni kama 1,315,800 tu. Tangazo lisiposema ni ipi kati ya hizi, ofa itakapofika kila mtu ataona ametapeliwa.

Kuna na jambo la mgawanyo. Ofa ya 1,500,000 inaweza kuwa mshahara wa msingi wote, au msingi 900,000 na posho 600,000. Mwezi wa kwanza tofauti haionekani sana, na mwenye deni la Bodi anaweza hata kufurahia kwa sababu makato yake yanapungua. Lakini malipo ya muda wa ziada na kiinua mgongo cha kusitishiwa ajira, ambacho kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, yote yanahesabiwa kwenye msingi. Posho ni rahisi kuondolewa, msingi si rahisi. Mwombaji ana haki ya kuujua mgawanyo huu kabla hajakubali, siyo siku ya kusaini mkataba akiwa ameshaaga alikotoka.

3. Slipu za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya benki

Zoea hili tunaliona baya kuliko yote. Mtu hajapewa ofa, pengine yuko bado kwenye orodha ya watu kumi, anaambiwa alete slipu za mwajiri wa sasa na taarifa ya akaunti yake ya benki.

Slipu haisemi kazi mpya ina thamani gani. Inasema mwajiri wa zamani aliweza kulipa nini. Aliyeanza na mshahara mdogo kwa sababu alikuwa na shida anaburuta udogo huo kutoka ofisi hadi ofisi. Mama aliyekaa nje ya ajira miaka miwili akilea, analetewa ofa inayofuata slipu ya miaka miwili iliyopita, bila kupanda kwa maisha. Na aliyetoka kwenye mradi wa wafadhili anaumia kwa upande wa pili: mnaona 3,200,000 kwenye slipu yake, mnaandika "hatutamweza," na jina linakatwa bila hata kumuuliza kama 1,800,000 ingemtosha sasa hivi. Wengi wangesema ndiyo. Mmempoteza mtu hodari kwa karatasi isiyohusu ofisi yenu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika sera na taratibu za ajira, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mwajiriwa. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mkipanga mshahara mpya kwa kufuata slipu ya zamani, tofauti ya malipo iliyotengenezwa kwingine mnaiingiza ndani ya orodha yenu ya malipo, na sasa ni yenu.

Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Taarifa ya benki ya miezi mitatu inaonyesha anamtumia nani fedha nyumbani, anatibiwa wapi, anadaiwa na nani. Mtaiweka wapi? Nani atafungua faili hilo? Lini litafutwa kwa wale tisa ambao hawakuchaguliwa? Kwenye ofisi nyingi nyaraka hizi hubaki kwenye barua pepe ya afisa mmoja, na afisa akihama zinahama naye.

4. Fomu za mtandaoni zisizoruhusu jibu la kweli

Sehemu ya "mshahara unaotarajia" ni ya lazima, haipokei maneno, haisemi ni ghafi au mkononi, haisemi ni kwa mwezi au kwa mwaka, na wakati mwingine haisemi ni shilingi au dola. Nyuma yake kuna kichujio: namba ikizidi kiwango fulani, ombi halifiki kwa binadamu. Matokeo yake waombaji wanaandika 0 au 1 ili wapite, na ninyi mnabaki na data isiyofaa kitu. Mwingine anaandika 14,400,000 akihesabu mwaka mzima, anakatwa kama mtu aliyedai milioni kumi na nne kwa mwezi. Kurekebisha hili ni kazi ya siku moja kwa fundi wa mfumo.

5. "Anza na hiki, tutaangalia baada ya majaribio"

Ahadi hii hutolewa kwa mdomo. Miezi mitatu ikipita, aliyeahidi amehama au amesahau. Mtumishi hana pa kushika, kwa sababu kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwenye ajira chini ya miezi sita, kwa hiyo akidai sana anaogopa kuondolewa. Kama nia ya kuongeza ipo, iandikwe: kiasi gani, tarehe ipi, kwa kipimo gani. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya 2004 tayari kinawataka kumpa mtumishi maelezo ya maandishi ya malipo yake na namna yanavyokokotolewa. Sentensi moja ya nyongeza haitawagharimu chochote.

6. Kushusha ofa baada ya makubaliano

Mtu amekubaliwa 1,400,000 kwenye simu. Anatoa notisi ya siku 28 kazini kwake. Barua inakuja na 1,150,000, "menejimenti imepitia upya." Hana pa kurudi. Hili tunaliita kwa jina lake: dhuluma.

Hoja tunazozitarajia

Mtasema washindani wataijua mishahara yenu. Wanaijua. Kila mtumishi anayehama anakwenda nayo kichwani, na ninyi wenyewe mnakusanya slipu za washindani kupitia waombaji, kama tulivyoeleza hapo juu.

Mtasema watumishi wa ndani wataona tangazo na kulalamika kwamba mgeni analipwa zaidi. Hoja hii ina uzito na tunaiheshimu, kwa hiyo tunaijibu kwa hatua. Kabla ya kutangaza nafasi, toeni orodha ya watumishi wote wa ngazi hiyo, mshahara wa msingi wa kila mmoja, miaka yake kazini na matokeo ya tathmini yake. Wanaolipwa chini ya kiwango cha chini cha nafasi mpya, jumlisheni pengo lao lote. Likiwa linabebeka, lizibeni kabla ya tangazo. Likiwa kubwa, ligawanyeni kwa nyongeza mbili na muwaambie wahusika tarehe. Msipofanya hivyo watajua tu, kwa sababu mgeni atakaa meza moja nao na siku moja slipu itasahaulika kwenye mashine ya kuchapia.

Mtasema mkitaja kiwango kila mtu ataomba cha juu. Andikeni nini kinampa mtu cha juu: cheti fulani cha taaluma, miaka fulani ya kusimamia watu, lugha fulani. Na kiwango kiwe kiwango. Kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000 ni taarifa. Kutoka 700,000 hadi 3,000,000 hakumsaidii mtu. Kwa nafasi za kawaida tunashauri cha juu kisizidi cha chini kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa wakuu wa idara kinaweza kufika asilimia 50.

Mtasema swali linapima kama mwombaji anajua thamani yake. Linapima kama ana ndugu au rafiki ndani ya kampuni aliyemnong'oneza bajeti. Mkitaka kupima uwezo wa kujadiliana kwa afisa manunuzi au afisa mauzo, mpeni zoezi la kujadiliana na msambazaji.

Na mtasema mnalipa juu ya kima cha chini. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika 1 Januari 2026 imeweka sakafu. Haikuwekwa iwe kipimo cha mhasibu mwenye shahada na miaka sita ya kazi.

Mpaka mtakapobadilika

Tunaona ni haki tuwaambie mapema tunavyowaelekeza waombaji, ili msiwaone wakaidi watakapofanya hivyo mbele yenu.

Tunawaambia waje na namba tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni sakafu: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26, ada, bima, fedha ya wazazi, kisha wageuze jumla hiyo iwe mshahara ghafi kwa hesabu ya kipengele cha pili. Ya pili ni ya soko, wakiuliza angalau watu watatu wanaofanya kazi hiyo kwenye ofisi za ukubwa huo, siyo mmoja. Ya tatu ni ombi, ambalo huwa juu kidogo ya namba ya soko. Sakafu haitamkwi kwenye usaili hata iweje.

Wakiulizwa, wajibu kwa swali la heshima: "Naomba kwanza kufahamu kiwango mlichotenga kwa nafasi hii." Wakibanwa, wataje ghafi, kwa mwezi, kwa shilingi, na waseme hivyo kwa maneno: "Kati ya 1,300,000 na 1,600,000 ghafi kwa mwezi, kulingana na posho na bima." Cha chini katika kauli hiyo kiwe kiasi ambacho kweli watakikubali, maana ndicho mtakachokishika. Wakiombwa slipu kabla ya ofa ya maandishi, wajibu kwamba wataleta uthibitisho wa ajira usioonyesha malipo. Ofa ikiwa chini ya sakafu, tunawashauri waombe kwanza vitu ambavyo mara nyingi mnaweza kuvitoa bila kugusa ngazi ya mshahara: bima ya afya ya familia, usafiri wa ofisi, siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, au mapitio ya mshahara yaliyoandikwa tarehe.

Anayeshika kazi chini ya sakafu yake kwa sababu hana jinsi, hatumlaumu. Lakini jueni hataacha kutafuta. Akiondoka mwezi wa tano, mtalipia tangazo upya, usaili upya, mafunzo upya, na mtu mwingine atabeba kazi yake katikati hapo. Laki mbili mliyookoa kwa mwezi itakuwa imekwenda huko.

Tunachoomba

Kwa waajiri:

(a) Kila tangazo la kazi liwe na kiwango cha chini na cha juu cha mshahara ghafi kwa mwezi, kwa shilingi, na sehemu ya msingi itajwe peke yake.

(b) Swali la mshahara wa sasa au wa zamani liondolewe kwenye fomu na kwenye usaili. Slipu na taarifa za benki zisiombwe kabisa kabla ya ofa ya maandishi, na baada ya ofa ziombwe tu pale ambapo mnaweza kueleza kwa maandishi zinahitajika kwa kazi gani.

(c) Ofa iwe ya maandishi, ionyeshe makadirio ya makato ya NSSF na kodi, na mwombaji apewe siku zisizopungua 3 za kazi kuijibu. Ikishatolewa isishushwe.

(d) Ahadi ya kupandisha mshahara baada ya majaribio iingie kwenye mkataba.

Kwa Kamishna wa Kazi: tunaomba mwongozo unaofafanua namna kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinavyohusu kuulizwa mshahara wa zamani. Nchini Marekani, jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku swali hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2018, jimbo la Colorado linalazimisha mshahara kutajwa kwenye tangazo tangu Januari 2021, na Umoja wa Ulaya ulizipa nchi wanachama hadi 7 Juni 2026 kuingiza masharti ya aina hiyo katika sheria zao. Mfano wa maneno ya sheria upo, hatuanzi na karatasi tupu.

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: tunaomba tamko kuhusu ukusanyaji wa taarifa za benki za waombaji wa kazi, muda wa kuzihifadhi, na wajibu wa kuzifuta kwa wasiochaguliwa.

Kwa Chama cha Waajiri: tunaomba jambo hili liwe ajenda ya kikao chenu kijacho cha wanachama. Tuko tayari kuja na majedwali ya hesabu, na mfano wa tangazo na wa barua ya ofa ambavyo mwajiri yeyote anaweza kuvitumia bila malipo.

Tunaomba majibu ndani ya siku 60, na kwa kuwa barua ni ya wazi, majibu nayo yawe ya wazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Washauri wa ajira na wapangaji wa mishahara,
Dar es Salaam.